Kuku Niliyemkataa Getini

Hapa Kinyangiri ukiuliza kwa mzee wa kuku, hata mtoto atakuleta kwangu. Niliishia darasa la nne, lakini matenga yangu ndiyo yaliyojaza malori ya Shelui, na wenye digrii wamenipigia simu wakiomba jogoo wa mbegu. Sijisifu, nasema ilivyokuwa.

Kisha ikaingia homa ya matumbo. Kuku wakaharisha, wakafa, na zile dawa za unga za dukani zikawa hazifanyi kitu tena. Akaja daktari wa mifugo kutoka chuoni, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo mzee. Tuna virusi vinavyokula bakteria wa ugonjwa huu. Tumevichuja kwenye kinyesi cha kuku."

"Marahaba. Kwa hiyo unataka kuwanywesha kuku wangu mavi?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Virusi tu, mzee. Mavi tumeyaacha maabara."

Nikampa banda langu la matofali. Katika wilaya hii halina mwenzake. Waliwaambukiza kuku kwa makusudi. Wa vizimba vingine wakapewa virusi, wengine maji matupu, nami sikuambiwa wepi ni wepi. Kazi yangu ilikuwa kulisha, kusafisha na kuchoma waliokufa. Masharti: asiingie mtu, asiingie kuku wa nje, nami nisikanyage ua wenye kuku mpaka jaribio liishe. Nikakubali haraka. Dawa ikifanya kazi, nitarudi kuwa mzee wa kuku. Isipofanya, nitakuwa mzee tu.

Binti wa watu hakujua, na mimi sikufikiri: huku kwetu ua usio na kuku ni upi? Nikawa sina pa kwenda. Mke wangu alishatangulia, watoto wako mijini. Misiba nilitoa pole kwa simu. Harusi nilisikia vigelegele kwa mbali. Nikaanza kuwahadithia kuku jinsi nilivyoanza biashara na tenga la kuazima. Hawakubisha hata kidogo, na hilo lilinichosha.

Jioni moja akaja shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, na mtetea kwapani. Kwetu mtu akijifungia vile, watu wanajua anaumwa, na mgonjwa hupelekewa kuku.

"Shemeji, fungua! Nimekuletea mchuzi unaotembea."

"Usiingie! Rudi naye!"

"Nirudi na kuku wa mgonjwa?"

"Siumwi. Huyo ataniharibia kuku wangu."

Akamhamishia mtetea kwapa la pili. "Sawa, bosi," akasema, akaondoka. Maisha yake yote hakuwahi kuniita bosi.

Jaribio lilipoisha daktari akanifungulia siri: dawa imefanya kazi. Wa virusi wengi walipona; wa maji matupu niliwachoma karibu wote. Daktari akawachinja na waliopona, apime maini yao kama bakteria wamekwisha. Akafurahi, akanipa mkono, akaondoka na maboksi yake ya barafu. Nikabaki na banda tupu na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Nilioga kwa dawa, nikabadili nguo, nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kigoda. Nikamweleza yote: virusi, maini, chuo kizima kinavyonitegemea.

"Hongera," akasema.

Chakula kikaja: ugali na mlenda. Akaninawisha mwenyewe. Nikala, nikausifia ule mlenda, huku kuku wake wakidonoa makombo miguuni pangu, wanene, wengi.