Mara Tatu Nilipima Damu ya Baba

Kwenye maabara yetu kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: damu ya ndugu yako huipimi wewe. Niliivunja. Mimi ni mbishi tangu tumboni mwa mama.

Baba alikuwa fundi wa magari mtaani Buyenzi, mtu wa kelele na mizaha. Mwaka mmoja wa vita macho yake yakageuka manjano, akakonda, na daktari akatuambia ni saratani ya kongosho, haipasuliki tena. Akaagiza tupime albumini, protini ya damu. Ikiwa bado iko juu, mgonjwa huenda akavuta miezi; ikishuka sana, siku ni chache. Baba alikuwa na hamu moja tu, kumwona dada yake mkubwa aliyeolewa Kigoma, mwendo wa boti ziwani. Lakini alisema tusimsumbue, atakuja Idi.

Nikapima. Ikatoka chini mno. Nikasema mashine imechoka, nikarudia. Ya tatu ikatoka vilevile, na dawa ya kupimia, ambayo vita vilikuwa vimeifanya adimu, ikabaki tone chupani.

Mkuu wetu, mzee kutoka mtaa wa Gihosha asiyepandisha sauti, aliiona ile chupa, na jina la baba kwenye karatasi ya majibu. Nilingoja anigombeze. Akavuta kiti.

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

"Ilibadilika?"

"Apana, mzee."

"Mutoto wangu, baba yako ako na siku kidogo. Ukimuficha, unamuibia na izo."

Njia nzima nilimchukia. Nilipofika nyumbani nikamwambia baba ukweli, huku nalia. Akajifuta uso.

"Basi tuma mutu bandarini, mabaharia wapeleke habari," akasema. "Da mukubwa asingoje Idi."

Shangazi alikuja na boti ya mizigo, amekalia magunia, kanga yake inanuka dagaa. Kwa wiki mbili alimlisha baba uji kwa kijiko, wakibishana ni nani aliyevunja chungu cha mama yao. Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

Tulimzika wiki moja kabla ya Idi. Mkuu wangu, ingawa ni Mkristo, alikuja akasimama nyuma ya watu mpaka mwisho. Nilimshika mkono, sikumshukuru. Namwambia leo: asante, mzee wangu. Kama ningepima mara ya nne na kuendelea kumficha baba, shangazi angelikuta kaburi.