Kisanduku cha Wagonjwa

"Kura elfu nne, Etelka! Elfu nne umezimeza, na bado unakuja na kisanduku!"

Huyo ni Bakos, mwenye trekta, anabweka mlangoni mwa shule tunapopigia kura. Kijiji kizima tuna wapiga kura mia mbili na kumi tu. Mara iliyopita chama cha Kiongozi kilipata mia na hamsini, wengine ishirini na tatu. Bakos mpaka leo anatafuta aliyeziiba hizo ishirini na tatu.

Etelka akakitwaa kisanduku chake. Alikuwa tarishi wetu wa barua. Sasa ni mjane, mwanawe yuko Vienna. Kila uchaguzi yeye ndiye anayewapelekea wagonjwa kisanduku majumbani. Wanampa biskuti, wanamsimulia magonjwa yao. Siku ya kura ndiyo siku yake ya kutembelea watu. Ila Kiongozi kasema kwenye televisheni kwamba visanduku hivyo ndiyo mlango wa wezi. Mara iliyopita waliomwita walikuwa kumi na mmoja. Safari hii mmoja tu: Borbála, shoga yake tangu usichana, mgonjwa wa nyonga.

Sheria inataka wasimamizi waende wawili, basi mimi mwenzake wa meza ya kura nikamsindikiza.

Borbála akafungua dirisha, mlango hakugusa.

"Ingia, shoga, kahawa ipo. Hicho kibaki nje."

"Hakibaki nje, Bori. Si wewe uliyekiita?"

"Nilikiita kabla sijamsikia Kiongozi. Bakos atanipeleka na trekta."

"Na nyonga?"

"Acha iume. Kura yangu nitaitumbukiza mwenyewe, kule kwenye sanduku kubwa."

"Bori, miaka thelathini nimekuletea barua. Ilipotea hata moja?"

"Barua siyo kura. Usinune bwana, sijasema wewe. Nimesema nyinyi."

Mimi hapo, na mdomo wangu huu usiojua kufungwa, nikawa natazama viatu.

Tukarudi na kisanduku kitupu, lakiri yake nzima. Etelka alikikumbatia njia nzima kwa mikono miwili, kama kina kitu ndani.

Shuleni tukakuta trekta limeshatutangulia. Borbála alishapiga kura yake, yuko juu ya kiti cha trekta, kajifunga blanketi, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Etelka!" akaita. "Alhamisi unakuja tucheze karata, au ndiyo basi tena?"

Etelka akampita, akaingia ndani.