Mpishi wa Mchanga na Memba wa Kumi

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya vilima vya Mwingi, na Nzilani Muthama anapika mchanga.

Hatanii, wala akili haijamruka. Mbele yake kuna nusu pipa lililojaa mchanga wa mtoni, uliochekechwa mpaka ukawa laini. Anamimina oili chafu ya lori kutoka kwenye debe, anashika mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe, anaanza kukoroga. Kinachokosekana ni moto tu. Kila baada ya muda anachota kidogo kwa vidole, anafinya, anaachia na kutazama unavyoanguka.

"Ikishikana sana, oili imezidi, mpira utakwama kama gari ndani ya matope," anasema bila kuinua macho. "Ikimwagika yote, bado. Hii mchanga lazima ikae katikati."

Mama huyu wa miaka arobaini na mitano ndiye mtunzaji wa Klabu ya Kambi, uwanja wa gofu wenye mashimo tisa kando ya barabara ya Garissa. Wageni wanaposikia kuwa Mwingi kuna gofu hucheka kwanza, kisha huuliza maji ya kumwagilia nyasi hutoka wapi. Jibu ni kwamba hayatoki popote. Kwenye viwanja vya Nairobi mpira humalizia safari yake juu ya nyasi laini kama zulia. Hapa Kambi humalizia juu ya duara la mchanga uliopakwa oili ili upepo usiondoke nao. Wachezaji huliita duara hilo brauni, na hizo brauni tisa zote ni mkono wa Nzilani.

Uwanja wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya uchovu wa Jumapili. Wahandisi waliokuja kujenga barabara walipiga kambi hapa, na siku ya mapumziko hawakujua waende wapi. Wakachonga mashimo tisa katikati ya miiba. Barabara ilipokwisha wakaondoka na matingatinga yao, wakauacha uwanja kwa walimu, wenye maduka na wachuuzi wa mifugo, ambao wakati huo hawakujua fimbo ya gofu inashikwa upande gani.

Nzilani aliajiriwa mwaka 1978, miaka kumi na sita iliyopita, na siku yake ya kwanza bado inamchekesha mpaka anaweka mwiko chini.

Aliambiwa kesho yake kuna mashindano, kwa hiyo ahakikishe brauni zote ni safi. Alikuwa ameolewa mwaka huohuo, na mama mkwe wake hakuwa na mchezo na uwanja mchafu. Nzilani akatazama lile duara la mchanga mweusi unaonuka oili, akasikitika kwamba watu wazima wanaweza kuishi hivyo. Akachukua ufagio. Alifagia brauni zote tisa mpaka ardhi ngumu ikaonekana, akaurusha mchanga vichakani, kisha akanyunyiza maji kidogo kutuliza vumbi, kama mke yeyote mwenye heshima zake.

"Watu wakakuja na kofia zao nyeupe," anasimulia. "Wa kwanza akagusa mpira kidogo tu. Ikaenda, ikaenda, ikavuka, ikaingia barabarani. Nikawaambia, mnaona vile pamekuwa safi? Hata mpira inafurahi!"

Hakufukuzwa kazi, kwa sababu waliotaka kumfukuza walikuwa wameketi chini wakicheka. Alipewa karai, akaambiwa aende mtoni kutafuta mchanga mwingine. Hapo ndipo alipoanza kuupika.

Kazi hiyo humpa shilingi elfu moja na mia tano kwa mwezi, pesa anazosema zinaisha zikiwa bado njiani. Mikono yake ina weusi usiotoka kwa sabuni yoyote, hata ile ya mabonge ambayo wengine hufulia magunia. Siku za ibada huificha ndani ya leso. Lakini ukimuuliza kama angependa kazi nyingine, anakutazama kana kwamba umemuuliza kama angependa watoto wengine badala ya wake.

Akimaliza kusawazisha brauni kwa kipande cha bomba kilichofungwa gunia, huwa haondoki hivihivi. Hutoa fimbo kuukuu ya kusukumia mpira, iliyoachwa na mhandisi mmoja, huweka mpira chini na kuusukuma polepole hadi shimoni.

"Ukipika lazima uonje," anasema.

Ameonja hivyo kwa miaka kumi na sita, peke yake, kabla wenye uwanja hawajafika. Siri iliyo wazi ni kwamba hakuna mtu Mwingi anayeweza kumshinda kusukuma mpira juu ya mchanga. Hata hivyo hajawahi kucheza mchezo mzima. Sheria ya wahandisi, iliyoandikwa kwa rangi ukutani mwa jumba la klabu, inasema mfanyakazi haruhusiwi kucheza siku za wanachama. Na siku zisizo za wanachama, Nzilani yuko mtoni anachekecha mchanga.

Jumamosi hii, lakini, hana nafasi ya kuwaza hayo. Uwanja wenyewe uko hatarini.

Shamba hili ni la Mzee Kiema, mkulima wa ndengu, ambaye alikubali kulikodisha kwa sharti moja la mdomo. Klabu ikiwa na wanachama kumi, watacheza. Wakipungua, mvua ikija analima. Mwezi uliopita daktari wa mifugo alihamishiwa Pwani, wakabaki tisa. Na sasa mawingu ya Novemba yameanza kujikusanya, na Mzee Kiema ameonekana mara mbili akiwapitisha ng'ombe wake wa plau kando ya uwanja polepole, kama mtu anayepima nguo dukani.

"Ndengu napenda sana," anasema Nzilani. "Lakini si juu ya brauni yangu ya tatu. Hiyo nimeipika mpaka imenyooka kama meza. Nikiona plau hapo nitalia mbele ya watu, na sitaona haya."

Tumaini lote liko kwa Mwangangi, meneja wa benki aliyehamia mjini majuzi kutoka Nairobi. Anatafuta uwanja atakaouita wa nyumbani, na leo amealikwa kuja kuuonja wa Kambi. Nzilani amechota mchanga mpya, amefua bendera zote tisa na kuzipiga pasi. Mwalimu Muli, mwenyekiti wa klabu, amevaa soksi zinazofanana, jambo ambalo wanachama wanasema halijaonekana tangu arusi yake.

Meneja anafika, kijana mpole, kiatu kinang'aa. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia.

"Nyasi ziko upande gani?" anauliza.

"Zilikuwako Aprili, Bwana Meneja," anajibu Nzilani. "Karibu sana."

Mchezo unaanza vizuri. Kwenye shimo la nne mpira wa meneja unatua katikati ya kundi la mbuzi, na beberu mmoja anaunusa, anauchukua mdomoni, anaondoka nao. Meneja anaduwaa. Mwalimu Muli anamweleza kwa utulivu sheria ya hapa: mpira ukichukuliwa na mbuzi, mtu anapiga mwingine bila adhabu. Mbuzi akiwa wa mwanachama, mwenye mbuzi anaongezewa pigo moja.

"Na hii mbuzi ni ya nani?"

Kila mtu anamgeukia Hirsi, mchuuzi wa mifugo aliyeko Mwingi tangu enzi za kambi. Hirsi anamkagua yule beberu kwa makini, mkono kidevuni.

"Wallahi, simjui huyu," anasema. "Pengine ni mgeni kama meneja."

"Mzee Hirsi, ana alama yako sikioni!" Nzilani anapiga kelele kutoka brauni ya nne, na Hirsi anaandikiwa pigo lake huku akilalamika kwamba mpishi amegeuka polisi.

Meneja anacheka mpaka anajifuta machozi. Kwa muda mambo yanaelekea kunyooka. Lakini chai inapomiminwa, chini ya kibanda cha mabati ambacho ndicho jumba la klabu, anasema ukweli wake kiungwana. Ameipenda siku. Hata hivyo mtu akitafuta uwanja wa nyumbani huangalia nyasi, bafu, na watu wa kazi yake wa kucheza nao. Ameamua kujiandikisha Thika. Hapa atakuja kama mgeni, wakimkubali.

Anaaga, gari linaondoka, na vumbi linachukua muda mrefu kutulia. Nzilani anasema moyo wake ulishuka mpaka ndani ya viatu. Alishika birika asijue alikuwa anataka kumimina au kuliweka.

Mwalimu Muli ndiye anayeanza, kwa kuuliza kila mtu alikuja hapa akitafuta nini, pengine watapata la kumwambia mwingine. Yeye mwenyewe anakiri alitaka mahali pa karibu, ili arudi nyumbani kabla mkewe hajaanza kuuliza. Hirsi anasema alichoka na soko, alitaka mahali ambapo hakuna mtu anayemharakisha.

"Na wewe, Mama Mwende?" Hirsi anauliza, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Umetuona miaka yote. Watu wa gofu wanatafuta nini?"

Nzilani anageuka, birika bado mkononi.

"Wanasema wanatafuta majani," anajibu. "Si kweli. Mzee Hirsi ulicheza Nairobi ukarudi. Huko ukikosa mpira, watu wananyamaza kwa adabu. Hapa ukikosa unachekwa mpaka jioni, na anayekucheka anakujua, anajua mbuzi yako, anajua uliugua mwezi gani. Hiyo ndiyo mtu anatafuta. Akipata, hata mchanga ataona ni zulia."

Wazee wanatikisa vichwa kukubali. Kisha Hirsi anaweka kikombe chini kwa nguvu, chai inaruka.

"Sisi tunatafuta memba wa kumi mpaka benki," anasema, "na memba wa kumi ndiye ameshika birika!"

Mwalimu Muli, mtu wa sheria hata akiwa usingizini, anaonyesha ule ukuta. Mfanyakazi haruhusiwi kucheza siku za wanachama. Imeandikwa.

"Soma vizuri, Mwalimu," anasema Hirsi. "Imesema mfanyakazi asicheze. Haikusema memba asifanye kazi. Mfanye memba kwanza, halafu memba huyu akipenda kupika mchanga, ni mapenzi yake. Wewe unaweza kumkataza memba?"

Mwalimu anainuka, anausogelea ukuta. Anausoma ukuta tena, toka juu hadi chini, midomo ikimchezacheza. Kisha anaanza kucheka, kicheko kinachoanzia tumboni, na wote wanajua amekubali. Ada ya Nzilani, wanakubaliana hapohapo, itakuwa ule mchanga wa mtoni anaoubeba mwenyewe kichwani, ambao kwa miaka yote hakuna aliyewahi kuulipia.

Nzilani yeye bado amesimama na birika.

"Nitakuwa memba kamili?" anauliza. "Kama nyinyi? Hata kulalamika, nitalalamika?"

"Hasa kulalamika," anasema Mwalimu Muli. "Hiyo ndiyo kazi ya memba."

Hapo anaweka birika chini, anavuta leso, anajifuta macho kwa ile mikono yake myeusi bila kuificha. Ni furaha, anasema mwenyewe, na asiyependa aangalie kando.

Jumatatu mvua ya kwanza inaloweka vumbi, na Mzee Kiema anakuja na ng'ombe wake na plau. Anamkuta Nzilani amesimama mlangoni mwa uwanja.

"Mama Mwende, pisha. Nyinyi ni tisa."

"Tuko kumi, Mzee."

"Wa kumi ni nani? Nasikia meneja alikataa."

"Ni mimi."

Mzee Kiema anamtazama kutoka kofia hadi viatu vyake vya mpira. Anawatazama ng'ombe, kana kwamba wao ndio watakaoamua. Anauliza kama kuna mtu anaweza kushuhudia, na Nzilani anamwambia aende kwa Hirsi, kwa Mwalimu, kwa yeyote anayependa, ila ng'ombe wabaki nje ya uwanja.

"Sasa hii ndengu yangu nitapanda wapi?" anasema Mzee, na sauti imeshalegea.

"Panda huko nyuma ya shimo la tisa, penye mipira inapotelea. Mimi nitakusaidia kuvuna, na ukipata mipira, nirudishie."

Wakakubaliana. Alipokuwa akiwageuza ng'ombe, Mzee alisikika akisema kuwa kama hata mpishi amekuwa memba, basi mwaka ujao watamkuta na yeye ameshika fimbo.

Nzilani atapiga mpira wake wa kwanza kama mwanachama Jumamosi ijayo. Bintiye Mwende anakuja kutoka Matuu kumwona, na Hirsi ameahidi kuwafunga mbuzi wake siku hiyo, ingawa hakuna anayemwamini. Nzilani hajui mpira utaenda wapi. Kusukuma anajua, lakini kupiga kwa nguvu kutoka mbali hajawahi, na anasema ukiingia barabarani, uingie, lori litausogeza mbele. Anachokitaka ni kutembea mashimo yote tisa kutoka mwanzo hadi mwisho, mchana, watu wakimwona.

Na brauni je, nani atazipika Jumamosi hiyo?

"Si ni mimi? Asubuhi nitapika, nioge, nivae kofia, nirudi nikiwa memba," anasema, tayari amelishika tena debe la oili. "Nikipata alama ya kwato kwa brauni, nitaita mfanyakazi kwa sauti, kila mtu asikie. Nitamwambia hii ni kazi gani, njoo utengeneze sasa hivi."

Na mfanyakazi atajibu nini?

Nzilani anaegemea mwiko wake, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Atasema, ngoja kidogo, memba, nimalize kucheza."