Zoraida na Jina Lililopatikana Kiwandani

Saa mbili na nusu asubuhi, ukumbi mzima unanuka tumbaku. Zoraida Piñeiro analaza jani juu ya ubao, analikata kwa kisu kipana, analiviringisha, na sigara nyingine imekamilika. Hatazami mikono. Masikio yake yako kwa Ubaldo, msomaji wa kiwanda anayewasomea wafanyakazi wakisokota, aliyeketi jukwaani na gazeti lake.

Kwa miaka thelathini na moja, mwanamke huyu wa Pinar del Río, Kuba, amesokota sigara kama mia moja kwa siku huku akisomewa riwaya.

"Shule niliacha mapema," anasema. "Usomaji wangu wote umepitia masikioni."

Mwaka huu anatoa riwaya yake mwenyewe. Kuiandika kulimchukua miaka sita, lakini kilichokaribia kumshinda ni jina.

Riwaya inamhusu Amparo, anayewaandikia barua wanawake ambao waume zao wamekwenda ng'ambo na kunyamaza. Mchapishaji alitaka iitwe *Machozi Kwenye Tumbaku*.

"Nilimwambia, bwana wee, kwenye kitabu changu watu hawalii ovyo. Wana kazi!"

Akapewa wiki mbili alete jina bora, la sivyo lingechapwa lile lile. Zoraida alikuwa na majina tisa daftarini, hakuna hata moja lililomridhisha. Akampa Ubaldo muswada, akamwomba ausome ukumbini bila kumtaja mwandishi.

Siku tisa alisikiliza maneno yake mwenyewe huku akisokota. Siku ya tano mzee Evelio alifoka kutoka nyuma: "Huyo Amparo naye mjinga! Si awaandikie talaka tu!" Watu wakaangua kicheko. Zoraida naye akacheka, asijulikane.

Hadithi ilipoisha, visu viligongwa mezani, ndiyo makofi ya ukumbi ule. Ubaldo akauliza, kitabu kiitweje?

"*Wanaume Hawafai*!" akadakia Evelio.

"Hilo jina la maisha yako, mzee, si la kitabu," akamjibu Migdalia, anayekaa meza ya jirani na Zoraida.

Ubaldo akayataja moja moja yale majina tisa aliyopewa na Zoraida. Hakuna kisu kilichogonga.

Ndipo Migdalia akaweka jani chini. "Mama yangu alikuwa akimwandikia shemeji yake huko ng'ambo, alikokuwa baba," akasema. "Kaka yako anakula? Ana koti la baridi? Halafu mwishoni, kila barua: usimwambie nimeuliza."

Kisu kimoja kikagonga, kikafuata kingine, kisha vyote.

Zoraida akasimama. "Kitabu ni changu. Na jina ni hilo, shoga yangu akiniruhusu."

Migdalia akamkumbatia, mikono ikiwa imejaa gundi ya sigara.

"Yaani nimekutukana siku tisa, nawe kimya?" akalalamika Evelio.

"Nilikuwa nasahihisha, mzee. Ulipotukana sana, nimepunguza kurasa."

Mchapishaji alilalamika kwamba *Usimwambie Nimeuliza* si jina la riwaya. Zoraida akamjibu, "Nina visu themanini na sita nyuma yangu." Nakala mia tano zinatoka mwezi ujao, na ukurasa wa kwanza una jina la mama yake Migdalia.

Tayari ameanza riwaya ya pili, na safari hii ameanzia kwenye jina.

"Ni lipi?" namuuliza.

Anacheka, anavuta jani jingine. "Njoo usikilize Ubaldo akisoma."