Beringi Aliyoniachia Baba

Juzi hapa Masasi nilimkuta fundi akigonga beringi iliyong'ang'ania kwenye gari la zamani, kama lile la baba. Ilipotoka akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, hata hakuitazama. Nikainama kuitazama mle ndooni.

"Shikamoo bibi. Umepoteza kitu?"

Nilikuwa mtoto, kwetu Kitangari. Baba alikuwa anaondoka, gari likagoma mbele ya nyumba kwa sababu ya beringi. Alifungua tairi, akawasha maganda ya korosho kuizunguka beringi ili ilegee, maana moto wake ni mkali. Moshi ulituwasha macho sote. Mimi nilifurahi kimoyomoyo: beringi isipotoka, baba atalala kwetu.

"Baba Somoe, si ulale tu," mama alisema.

"Nilale nile nini, moshi?" Baba alicheka, akagonga tena. Ikatoka.

Akatia nyingine. Ile ya zamani akaifunga kitambaa, ingali na joto, akanipa mkononi. "Somoe, nitunzie hii."

Basi nikajua atarudi. Gari litakwendaje mbali bila beringi yake? Kila Ijumaa niliipaka mafuta ya ufuta, nikakaa barazani peke yangu nikisikiliza injini. Mama aliniona, akaendelea na kazi zake. Nilikuwa mkubwa nilipoambiwa kwamba siku ile baba alihamia Nanganga, kwa mke mwingine.

"Marahaba," nilimjibu fundi. "Sijapoteza kitu."

Yangu iko nyumbani. Haina kutu.