Mikufu ya Mama Kamba Huvaliwa Kwanza

Saa moja asubuhi, fundi baiskeli ananyoosha rimu iliyopinda. Shingoni ana mikufu mitatu ya katani, na bangili tele mkononi. Mteja anayesubiri anashindwa kuvumilia.

"Fundi, leo unaolewa?"

"Niko kazini, ndugu yangu. Kazi mbili kwa mpigo," anajibu, kichwa hakiinui.

Kazi ya pili ni ya mkewe, mwanamke mwembamba, mcheshi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kamba. Amekaa barazani, hatua kadhaa nyuma ya fundi, ncha ya uzi ameibana kwa kidole gumba cha mguu. Anasokota, anapiga fundo, anapitisha shanga ya mbao, anapiga fundo tena.

Katani mpya huwasha. Wasukaji wengi huuza hivyo hivyo, mnunuzi akajikune kwake. Mama Kamba alikataa. Kila pambo alilivaa mwenyewe wiki nzima, akapika nalo, akalala nalo, mpaka likalainika. Kisha alilifua, akalianika kivulini, ndipo likaenda sokoni.

"Siwezi kumvalisha mtoto wa mwenzangu kitu ambacho mimi kimenishinda," anasema.

Kwa miaka tisa mambo yalimnyookea. Mwaka jana ngozi ilimgomea. Shingo ilivimba, mikono ikatoka malengelenge, na daktari hakumficha: viganja vyake ni sugu, kusuka aendelee, kuvaa, basi.

Alijaribu kuyachemsha mapambo, hata kuyaponda kwa mchi. Yakachakaa kabla ya kuuzwa. Akayauza bila kuyalainisha, wateja wakayarudisha.

"Nililia. Nilijiona nimekwisha," anasema, na mikono inasimama.

Aliyemshangaza ni mumewe, yule yule aliyeyaita mapambo hayo "kamba za mbuzi". Jioni moja alinawa grisi mpaka viwikoni, akachukua mkufu, akajivika.

"Baba watoto, watu watakucheka."

"Waache wacheke. Wewe si ulinicheka nilipokuja kukuposa?"

Watu wamecheka kweli, na bado hawajachoka. Lakini katani inalainika, na meza ya sokoni imejaa tena.

Tatizo ni kwamba shingo ya fundi nayo imeanza kutoka mabaka mekundu. Siku hizi anafunga kola mpaka juu ili mkewe asiyaone. Mkewe anayaona, na roho inamuuma.

Ndiyo maana ameamua, ingawa mumewe hajaambiwa. Mikufu iliyobaki ikiisha, atasuka mikanda ya mikoba na mazulia ya mlangoni, vitu visivyogusa shingo ya mtu. Ataanza upya, na anakiri kwamba anaogopa.

Kabla ya hapo atasuka mkufu mmoja wa mwisho, wa pamba laini, usiouzwa. Fundi amevaa mikufu ya watu mwaka mzima, wake hana hata mmoja.

Na kipimo atakipataje bila mwenyewe kushtuka?

"Kipimo cha nini?" anacheka kwa sauti ya chini, akimtazama mumewe kwa mbali. "Shingo ile naijua kwa mikono yangu."