Tamilarasi na barua iliyoshangiliwa mapema

Saa mbili asubuhi, Tamilarasi anazamisha pampu ya kwanza kwenye tangi, anawasha swichi na kusubiri maji yapande. Macho yake hayabanduki kwenye kipimo cha presha. Anaandika namba, anazima, anavuta nyingine. Hadi mchana atakuwa amepima arobaini.

"Injinia, hiyo namba umeandika au umechora?" anamtania Rangasamy, msimamizi wa zamu.

"Nimeandika, kaka. Miwani yako ndiyo imechoka."

Rangasamy anacheka. Kazi hii alimfundisha Tamilarasi kwa siku mbili tu.

Tamilarasi ana miaka ishirini na saba na shahada ya uhandisi wa mitambo. Katika kiwanda hiki cha pampu za visima, pembezoni mwa mji wa Coimbatore, kusini mwa India, analipwa rupia elfu kumi na sita kwa mwezi. Darasani walihitimu hamsini na wanane. Anaowajua wanaofanya kazi ya uhandisi ni saba. Mmoja wa waliobaki anaoka keki.

"Uhandisi sikuuchagua," anasema. "Baba aliona alama zangu nzuri, akasema basi, ni uhandisi. Marehemu hakuwa mtu wa kubishiwa."

Alichokitaka mwenyewe amekiona hapa hapa kiwandani. Ofisi za ghorofa ya juu zimejaa wenye shahada ya biashara. "Kule wanaamua pampu gani itengenezwe na iuzwe wapi. Sisi huku chini tunalowa tu."

Amefanya mtihani wa kuingia chuo cha biashara mara tatu, akisoma kila Jumapili na kila alfajiri kabla ya basi la kiwanda. Mara mbili za kwanza hakuitwa popote. Mara ya tatu aliwapita watahiniwa tisini na mmoja katika kila mia, na mwezi Machi barua ikaja kutoka chuo kimoja cha Chennai.

Ilikuwa barua ya kumwita kwenye usaili. Lakini mama yake, Pappathi, fundi cherehani asiyejua Kiingereza, aliona mhuri wa chuo na jina la mwanawe. Akanunua kilo mbili za ladu, vitamutamu vya sherehe, akagawa nyumba kwa nyumba mtaa mzima.

"Nilirudi kutoka kazini nikakuta watu mlangoni wananipongeza," Tamilarasi anakumbuka. "Mama amevaa sari ya sherehe. Ningesemaje? Nikasema asanteni."

Usiku ule alimweleza. Pappathi akamjibu, "Si wamekuita? Mtu haitwi bure."

Huko Chennai Tamilarasi alikaa mbele ya watu watatu. Mmoja alimwuliza kazi yake ni ipi hasa. Akaeleza: tangi, swichi, kipimo, namba.

"Kazi hiyo si angeifanya hata aliyeishia darasa la kumi?" yule bwana akauliza.

Jibu lilimjia Tamilarasi akiwa ndani ya treni ya kurudi. "Ningemwambia, ndiyo mzee, angeifanya. Ndiyo maana niko hapa."

Mwezi Mei akajibiwa kwamba hakuchaguliwa.

Tangu hapo Pappathi huzungukia uchochoro wa nyuma akipeleka blauzi za wateja. "Wananiuliza, binti anaanza lini? Nawaambia bado kidogo," anasema, kichwa kimeinamia cherehani. "Kosa ni langu. Yeye hakumtangazia mtu."

Tamilarasi anasema siku hizi akifungua kitabu husoma ukurasa mmoja mara nne na usiingie. Hata hivyo, dirisha la kujiandikisha likifunguliwa Agosti, atajaza fomu kwa mara ya nne.

"Imani sina," anasema. "Ila nikiacha, nitakuwa nimekubali kupima pampu mpaka nizeeke."

Alipomwambia mama yake, Pappathi alisimamisha cherehani.

"Jaza," alisema. "Lakini safari hii usiniambie kitu. Hata wakikuita, nenda kimya, mwanangu. Mimi nitajua siku nitakapokuona unafunga mizigo."